Kushona koti la mwanaume la kuvaa juu ya kanzu

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kuendesha cherehani, aliyeshashona shati na suruali, na sasa anataka koti. Nimechagua koti la kuvaa juu ya kanzu, lile la kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti), kwa kuwa ndilo wateja wanaloniletea zaidi wakitaka lirekebishwe. Tatizo huwa lilelile: kifua kimebandikwa kwa gundi ya pasi, koti likilowa maji kidogo linatoa malengelenge. Koti la kudumu kifua chake hushonwa kwa mkono na kutengenezwa kwa pasi. Kazi ya cherehani hapo ni kuunganisha tu.

Vifaa. Kwa mtu wa umbo la kati chukua mita 2 na robo za sufu nyepesi iliyochanganywa na poliesta, upana wa sentimita 150, na bitana mita 2. Kiyembe, mtaa wa vitambaa Kampala, zimejaa. Kanvasi halisi ya kifua, yaani kitambaa kigumu kinachowekwa ndani kukipa kifua umbo, ikikushinda kupata, nenda soko la Owino, Kampala, ukanunue koti kuukuu la mivumba (mitumba). Finya kitambaa chini ya tundu la kifungo, usugue kwa vidole: ukisikia tabaka la tatu linateleza peke yake katikati, hilo lina kanvasi ya kushonwa. Lifumue taratibu nyumbani. Utapata kanvasi na pedi za mabega, na utaona kwa macho yako jinsi fundi mwingine alivyojenga kifua. Hakuna somo linalolishinda hilo.

Loweka kanvasi usiku kucha, ianike kivulini, uipige pasi. Kama ni ya kurudi, irudi sasa, isingoje kuwa ndani ya koti.

Vipimo. Mwenye koti avae kanzu yake kabisa ndipo umpime. Kifua ongeza sentimita 10 hadi 12. Mkono wa koti usiufanye mwembamba, maana mkono wa kanzu ni mpana na utajikunja ndani. Weka vifungo viwili au kimoja, na lapeli (ukosi wa mbele unaokunjika kifuani) ishuke vya kutosha ili omuleera ya kifuani, yaani tarizi ya kanzu, ionekane. Kuifunika ni kuivunjia kanzu heshima.

Kata kwanza koti la majaribio kwa marekani au shuka kuukuu. Mvalishe. Mikunjo ikitoka shingoni kuelekea kwapani, mabega yake yanateremka kuliko patani yako. Mkunjo ukilala mgongoni chini ya kola, mabega yake yameinuka. Rekebisha patani, kisha ndipo uguse kitambaa chenyewe. Acha sentimita 1.5 za mshono kila mahali, ila ubavuni na katikati ya mgongo acha 3, kwa sababu watu hunenepa.

Kifua na lapeli. Hapa usiwe na haraka. Mifuko iwe imeshashonwa. Laza upande wa mbele juu ya kanvasi, piga bandi (mishono mirefu ya muda ya mkono) kuanzia katikati ukienda pembeni. Kwenye mstari ambapo lapeli inakunjika, shonea utepe mwembamba ulio mfupi kwa sentimita moja kuliko mstari wenyewe. Huo ndio unaolaza koti kifuani lisifutuke.

Sasa ikunje lapeli juu ya kidole cha shahada, upande wa kanvasi ukiwa juu, na uishone ikiwa imekunjika hivyohivyo. Mishono iwe ya mshazari, kila mmoja kama sentimita moja, safu kwa safu. Ncha ya sindano ichukue uzi mmoja tu wa sufu. Kidole cha chini kinapaswa kuisikia bila kuchomwa. Ukimaliza, iachie. Itajikunja yenyewe.

Pasi. Ya mkaa inafaa sana kwa uzito wake. Kung'uta majivu nje, weka kitambaa cha pamba chenye unyevu juu ya sufu, kandamiza bila kuburuta. Mvuke ukitoka, gandamiza mshono kwa kipande cha mbao hadi upoe.

Unganisha mgongo, mbavu na mabega. Kola ya chini ikatwe mshazari. Ya juu iizidi kwa milimita 3 ili mshono ujifiche.

Mikono. Kichwa cha mkono, yaani ukingo wa juu unaoshonwa begani, kiwe kirefu kuliko tundu la kwapa kwa sentimita 3 hadi 4. Pitisha hapo nyuzi mbili kwa sindano ya mkono, zivute, kisha ukinyweze kwa mvuke juu ya taulo lililoviringishwa. Piga bandi, mvalishe tena. Mkono ukining'inia ufunike karibu nusu ya mfuko wa pembeni. Ukikunjamana, fumua bandi, uzungushe kidogo mbele au nyuma. Usipitishe cherehani kabla haujatulia.

Bitana. Acha mkunjo wa sentimita 2 katikati ya mgongo, la sivyo itachanika siku mwenyewe atakaponyoosha mikono kupokea zawadi. Kwapani malizia kwa mkono.

Matundu ya vifungo yawe upande wa kushoto. Kifungo kiachie shingo ya uzi ya milimita 3 au 4, uizungushie uzi mpaka isimame.

Kabla ya pasi ya mwisho, toa bandi zote kwa kukata uzi vipande vifupi. Ukiipigia pasi bandi, inaacha alama kwenye sufu, na alama hiyo haitoki kirahisi.