Namna ya kuikagua simu mpya dukani na kuiandaa nyumbani

Kila toleo jipya la simu linapofika katika maduka ya Ngamiani hapa Tanga, mimi huwa miongoni mwa watu wa kwanza kwenda kulishika, hata kama siku hiyo sina fedha ya kulinunua. Napenda kuona kioo kinavyong'aa kuliko cha mwaka uliopita, kamera inavyoweza kupiga picha ya ngalawa alfajiri kabla jua halijatoka, na programu inavyofunguka mara tu kidole kinapoigusa. Mapenzi hayo yamenifanya niwe mtu wa kuitwa na ndugu na majirani kila mmoja wao anapotaka kununua simu. Baada ya kuongozana nao mara nyingi nimeona kwamba simu humfurahisha au humsumbua mwenyewe kwa muda mrefu kutokana na yale yaliyofanyika katika saa chache za mwanzo, yaani nusu saa pale dukani na jioni moja nyumbani.

Kabla hujatoka nyumbani, elewa namba mbili ambazo muuzaji atakutajia, kwa mfano 8 na 256. Ya kwanza ni RAM, yaani kumbukumbu ya programu zinazotumika kwa wakati huo, na ya pili ni ujazo wa kuhifadhia, zote zikihesabiwa kwa gigabaiti. Fikiria chumba cha fundi cherehani: RAM ni meza yake, na kadiri meza ilivyo pana ndivyo anavyoweza kutandaza vitambaa vingi kwa pamoja bila kukunja kimoja ili apate nafasi ya kingine, ujazo ni kabati anamoweka nguo zote. Sasa, baadhi ya maboksi huandikwa kwa herufi kubwa kwamba simu ina RAM ya 16, na chini yake, kwa herufi ndogo, imeandikwa 8+8. Maana yake ni kwamba RAM halisi ni 8, na 8 nyingine imeazimwa kutoka kwenye ujazo, ambao ni wa polepole zaidi. Ni sawa na fundi kutandaza kitambaa ndani ya kabati kwa sababu meza imejaa. Hakuna ubaya kuinunua simu hiyo, lakini ilipie bei ya simu ya 8.

Jambo la pili, ambalo kwangu lina uzito kuliko wingi wa kamera, ni muda ambao mtengenezaji ameahidi kuipelekea simu masasisho, yaani marekebisho na matoleo mapya ya mfumo wake. Simu isiyopata masasisho hubaki na mianya ambayo wezi wa mtandaoni wanaifahamu, na baada ya miaka kadhaa programu mpya huanza kuikataa. Google walipotoa Pixel 8 mwaka 2023 waliahidi miaka 7 ya masasisho, na Samsung wakafanya vivyo hivyo kwa Galaxy S24 mwanzoni mwa mwaka 2024. Nilifurahi mno kusikia habari hizo, kwa kuwa zina maana hata kwa yule atakayeinunua simu hiyo ikiwa imetumika miaka mitatu. Simu nyingi za bei nafuu huahidiwa muda mfupi zaidi, kwa hiyo uliza, kisha fungua mipangilio ya simu uangalie tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa simu inaitwa mpya na sasisho hilo ni la zaidi ya mwaka mmoja nyuma, huenda imekaa sana kwenye rafu. Kuhusu 5G nitasema kidogo tu: usiongeze fedha kwa ajili yake kama mtaa unaoishi bado una 4G peke yake, isipokuwa unakusudia kukaa na simu hiyo miaka mingi.

Ukiwa dukani, omba boksi lifunguliwe mbele yako. Bonyeza *#06# na utaona namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, nawe utajibiwa aina na toleo la simu linalohusiana na namba hiyo. Jibu likitaja simu nyingine isiyokuwa hiyo uliyoishika mkononi, rudisha simu na uende duka lingine. Wengi wetu tunakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima na watu wakaamka na vifaa visivyoweza kupiga wala kupokea.

Baada ya hapo ijaribu simu yenyewe. Gusa alama ya programu mojawapo, ishikilie, kisha iburuze polepole kutoka kona moja ya kioo hadi nyingine, ukipita katikati na pembeni kote. Alama ikiachia kidole mahali pamoja kila mara, hapo kioo hakihisi. Jirekodi sauti kwa muda mfupi uisikilize, piga picha kwa kila kamera, washa tochi, na weka laini yako upige simu ya kweli huku ukiisogeza sikioni uone kama kioo kinazimika. Niliwahi kupuuza jaribio hilo la mwisho kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika nyumbani kuifungua, na kwa miezi miwili shavu langu likawa linakata simu katikati ya mazungumzo, huku muuzaji akisisitiza kwamba niliichukua ikiwa nzima.

Ikiwa unanunua simu iliyotumika, ongeza mambo mawili. Ilaze chali juu ya kioo cha kabati la duka na uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, mgongo wake umevimba, na huenda betri ndiyo iliyovimba, jambo ambalo ni hatari. Kisha mwombe mwenye nayo aondoe akaunti yake na kuifuta simu yote mbele yako, na usitoe fedha mpaka umeiwasha upya na kuingia kwa akaunti yako wewe. Simu za Android zimekuwa na kufuli hili tangu mwaka 2015, na iPhone tangu mwaka 2013: ikifutwa bila akaunti ya mwenyewe kuondolewa, huomba nenosiri lake, na bila hilo hutaweza kuitumia. Dai risiti yenye namba ya IMEI juu yake.

Sasa umefika nyumbani. Muuzaji huenda amekwambia uichaji kwa saa nane kabla ya kuitumia. Ushauri huo ulifaa betri za zamani za nikeli; betri za lithiamu-ioni, ambazo zimekuwa sokoni tangu mwaka 1991, hazihitaji hayo. Kinachoziumiza ni joto, na hapa kwetu pwani joto ni jingi. Watu wa Tanga tunapenda baiskeli, na vijana wengi hufunga simu kwenye usukani ili waone ramani. Jua la saa saba mchana likiipiga moja kwa moja, simu hupunguza mwanga na kasi ili ijilinde, na betri huchakaa mapema kuliko inavyostahili. Iweke mfukoni. Usiichaji chini ya mto unapolala, na kama mipangilio yake ina sehemu ya kuizuia chaji isipite asilimia 80, iwashe, hasa ikiwa simu hushinda kwenye umeme. Angalia pia maandishi madogo kwenye kichwa cha chaja: zidisha volti kwa ampea upate wati. Chaja ya volti 5 na ampea 2 hutoa wati 10 tu, hata kama simu inaweza kupokea 33, na hapo ndipo ilipo siri ya simu nyingi zinazolalamikiwa kuwa zinajaa polepole.

Kabla hujaweka programu yoyote, sasisha mfumo kwanza. Kazi hiyo hula bando, kwa hiyo tafuta Wi-Fi ikiwezekana. Kisha hamisha vitu vya zamani wakati simu zote mbili zipo mezani zikiwa na chaji ya kutosha. Mazungumzo ya WhatsApp kati ya Android na Android huhamishwa kwa msimbo wa QR: weka WhatsApp kwenye simu mpya, sajili namba ile ile, kubali kuhamisha mazungumzo, kisha kwenye simu ya zamani ingia katika mipangilio ya mazungumzo, chagua kuhamisha, na uielekeze kamera yake kwenye msimbo uliotokea kwenye simu mpya. Wi-Fi iwe imewashwa kwenye zote mbili. Fedha zako za M-Pesa au Airtel Money hazina haja ya kuhamishwa, maana zimefungamana na namba yako ya laini. Lakini namba za uthibitisho zitakazoingia kwa ujumbe jioni hiyo zisome mwenyewe, usimtajie mtu yeyote atakayepiga akijifanya wa mtandao.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote huja mwisho. Fungua mipangilio ya kibodi ya Gboard, ingia kwenye lugha, chagua Kiswahili cha Tanzania, na uruhusu kuandika kwa sauti, huduma ambayo Google waliiongezea Kiswahili mwaka 2017. Shangazi yangu wa Chumbageni haoni vizuri herufi ndogo na alikuwa ameacha kabisa kuandika ujumbe. Nilimkuzia maandishi, nikamwonyesha alama ya kipaza sauti, nikamwambia, "Shangazi, iguse hapo, kisha sema unavyosema siku zote." Akaisogeza simu karibu na mdomo akasema, "Samaki wamefika, njoo uwachukue kabla jua halijawa kali." Maneno yakajipanga moja baada ya jingine kwenye kioo, naye akainua miwani, akayasoma yote, akaniuliza nani aliyeyaandika. Nilimjibu kwamba ni yeye. Maneno yake ya Kimtang'ata, lahaja ya huku kwetu Tanga, simu hukosea mara nyingi, lakini Kiswahili cha kila siku inakipata vizuri, na tangu siku hiyo hunitumia ujumbe kila asubuhi.

Jihadhari na bahari. Alama ya IP68 humaanisha kwamba vumbi haliingii na kwamba simu imejaribiwa kuzamishwa, ila majaribio hayo hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ukienda kuogelea ufukwe wa Raskazone iache nchi kavu kwenye mfuko wa nguo. Ikidondoka baharini, iondoe mara moja, isuuze kwa maji safi ikiwa ina alama hiyo, ikaushe kwa kitambaa, na usichomeke chaja mpaka tundu limekauka kabisa.

Simu ya zamani usiifute usiku huo huo. Ikae wiki moja ili ugundue kilichosahaulika, iwe ni picha ya harusi au namba ya fundi. Wiki ikiisha, ondoa akaunti zako, ifute yote kupitia mipangilio, toa laini na kadi ya kumbukumbu, ndipo umkabidhi atakayeitumia, na umpe na boksi lake lenye IMEI kama bado unalo.