Jinsi ya kubishania chanzo cha ulimwengu bila kuzunguka palepale

Kabla hujajibu, muulize mwenzako anatetea hoja ipi ya kuthibitisha kuwapo kwa Mungu. Mimi nilipoteza jioni nzima nikimwandama rafiki yangu kwa swali la "na Mungu je, kaumbwa na nani?" Kumbe hoja yake, ile ya al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu wa zama za kati, haisemi kila kitu kina chanzo. Inasema kila kilichoanza kuwapo kina chanzo. Nikanywea.

Kwa hiyo ziandike hatua zake karatasini, kisha chagua moja tu ya kuishambulia. Kwa al-Ghazali, kaba pale anapodai ulimwengu una mwanzo. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkristo wa zama za kati, hahitaji mwanzo huo: visababishi vyake vinategemeana papo hapo, mkono ukisukuma fimbo, fimbo ikisukuma jiwe. Ukimletea habari za mlipuko mkuu, ule wanasayansi wanaosema ndio mwanzo wa ulimwengu, umepiga hewa. Wapo pia wanaouliza kwa nini kuna kitu chochote kabisa. Mwanafalsafa Bertrand Russell, akijadiliana redioni na padre Frederick Copleston mwaka 1948, alishikilia kwamba ulimwengu upo tu, basi. Hainishibishi, ila si jibu la kipumbavu.

Mkifika kwenye "chanzo cha kwanza", usikubali kurukishwa moja kwa moja hadi kwa Mungu. Uliza kwa nini chanzo hicho kiwe na utashi. Hapo rafiki yangu huinuka kutafuta maji ya kunywa.