Namna ya Kusubiri Ishara kwa sigwait katika Programu ya C yenye Nyuzi Nyingi

Programu ninayoitumia hapa kama mfano hupokea uzito wa magunia ya dagaa kutoka mizani tatu kwenye mwalo mmoja hapa Mwanza. Kila mizani ina uzi wake (thread, yaani mkondo wa kazi ndani ya programu) unaosoma namba, na uzi wa nne huandika kumbukumbu za uzito kwenye diski. Jioni, karani anapofunga kazi, programu hutumiwa SIGTERM (ishara ya mfumo inayoiomba programu ifunge) ili imalize kuandika na kuondoka.

Toleo langu la kwanza lilikwama hapo hapo. Nilikuwa nimesajili kwa sigaction fanksheni ya kupokea ishara, na ndani yake nikaita malloc, fanksheni ya kuomba nafasi ya RAM. Siku moja ishara ilifika wakati uzi mmoja uko katikati ya malloc, umeshika kufuli la malloc, ambalo hushikwa mara moja tu kwa wakati. Fanksheni yangu ikaanza kutekelezwa juu ya uzi uleule, ikaomba kufuli lilelile, na uzi ukabaki unajisubiri wenyewe. Magunia ya mwisho hayakuandikwa, ikabidi yapimwe upya kabla ya kupakiwa kwenye lori.

Ishara inayotumwa kwa mchakato mzima inaweza kuangukia uzi wowote usioizuia, na mwandishi wa programu hachagui ni uzi upi wala ni kwenye mstari upi wa msimbo. Ndiyo maana fanksheni zinazoruhusiwa ndani ya kipokea ishara ni chache, na printf na malloc hazimo. Dawa ni kuizuia ishara katika nyuzi zote, kisha kuuweka uzi mmoja, ambao hapa chini nauita mlinzi, uingoje kwa sigwait, fanksheni inayoulaza uzi hadi ishara ifike. Uzi huo ukiamka huendelea na msimbo wa kawaida, kwa hiyo unaweza kushika kufuli, kuomba nafasi ya RAM na kuandika faili bila hofu.

Jambo la kuzingatia kuliko yote ni mpangilio. Uzi mpya hurithi orodha ya ishara zilizozuiwa kutoka kwa uzi uliouanzisha, kwa hiyo zuia ndani ya main kabla ya pthread_create (fanksheni ya kuanzisha uzi) ya kwanza, na kabla ya kuita maktaba yoyote inayoanzisha nyuzi zake kimyakimya. Tumia pthread_sigmask, kwa sababu kanuni za POSIX (kiwango cha mifumo ya aina ya Unix) hazielezi sigprocmask itafanya nini katika mchakato wenye nyuzi nyingi.

```c
static void *mlinzi(void *hoja)
{
    sigset_t *seti = hoja;
    int ishara;

    for (;;) {
        int kosa = sigwait(seti, &ishara);
        if (kosa != 0) {
            fprintf(stderr, "sigwait: %s\n", strerror(kosa));
            abort();
        }
        if (ishara == SIGHUP) {
            soma_mipangilio();
            continue;
        }
        pthread_mutex_lock(&kufuli);
        funga = 1;
        pthread_cond_broadcast(&taarifa);
        pthread_mutex_unlock(&kufuli);
        return NULL;
    }
}

/* ndani ya main, kabla ya uzi wowote */
sigemptyset(&seti);
sigaddset(&seti, SIGHUP);
sigaddset(&seti, SIGINT);
sigaddset(&seti, SIGTERM);
pthread_sigmask(SIG_BLOCK, &seti, NULL);
pthread_create(&uzi, NULL, mlinzi, &seti);
```

Tazama kwamba sigwait hurudisha namba ya kosa yenyewe na haitumii errno, kibadilika cha makosa ambacho perror husoma, hivyo perror itakupotosha. SIGKILL na SIGSTOP, za kuua na kusimamisha mchakato, hazizuiliki. SIGSEGV na SIGFPE zisiwekwe katika seti hii, kwa kuwa huzaliwa na kosa la uzi wenyewe. Aidha, SIGHUP mbili (ishara ambayo hapa huagiza mipangilio isomwe upya) zikifika kabla ya mlinzi kuamka, atapokea moja tu. Anayetaka kila ishara ihesabiwe atumie zile zinazoanzia SIGRTMIN, ambazo hupangwa foleni.

Mlinzi akishatangaza, uzi wa kuandika unaolala kwenye pthread_cond_wait ukingoja tangazo hilo utaamka. Nyuzi za mizani hazitaamka, kwa sababu zimelala kwenye read zikingoja namba ambayo jioni ile haiji. Mimi hutengeneza paipu moja (njia ya data yenye upande wa kuandikia na wa kusomea), na kila uzi wa mizani hutumia poll kuangalia mizani yake pamoja na paipu hiyo. Mlinzi akifunga upande wa kuandikia, wote wanaamka papo hapo. Naona njia hii ni bora kuliko kuamka kila nusu sekunde kukagua kibadilika funga.

Ili kuhakikisha, kwenye Linux fungua faili za status zilizo chini ya /proc/PID/task (PID ni namba ya mchakato), kila uzi na yake, usome mstari wa SigBlk, yaani ishara zilizozuiwa. Kwa ishara namba 1, 2 na 15 (SIGHUP, SIGINT na SIGTERM), nyuzi za kazi zionyeshe 0000000000004003. Uzi wa mlinzi utaonyesha sifuri tupu wakati uko ndani ya sigwait, kwani keneli huziachia ishara hizo kwa muda wa kusubiri, usidhani umekosea. Uzi wa kazi ukionyesha sifuri, ulianzishwa kabla ya kuzuia.

Mwisho, programu yako ikianzisha programu nyingine kwa fork (kunakili mchakato) na exec (kuendesha programu nyingine ndani yake), orodha ya vizuizi huvuka exec pamoja nayo. Skripti yangu ya kunakili kumbukumbu za uzito ilikataa kufa kwa SIGTERM kwa sababu hiyo, na niliitafuta siku mbili. Katika mchakato mtoto, baada ya fork na kabla ya exec, rudisha seti tupu:

```c
sigemptyset(&tupu);
pthread_sigmask(SIG_SETMASK, &tupu, NULL);
```