Wazo kuu la Jumapili lisiishie mlangoni: namna ya kuishi na kalenda ya kanisa wiki nzima

Kabla hujaendelea jaribu kitu kimoja, usifungue simu wala usimuulize mtu, kumbuka tu Injili iliyosomwa Jumapili iliyopita ilikuwa ipi na wazo kuu la siku lilisemaje. Ukikumbuka hongera sana. Usipokumbuka karibu kundini, mi nilikuwa hivyo miaka mingi, naimba, nasimama wakisimama, nakaa wakikaa, mbaraka ukishatolewa natoka nje kusalimiana na watu na hapo hapo kila kitu kimefutika.

Nilikuja kugundua shida yangu haikuwa kusahau. Shida ni kwamba nilikuwa naichukulia kila Jumapili kama kipande kinachojitegemea, kumbe ibada ya Kilutheri imepangwa kama safari ya mwaka mzima na kila wiki ni kituo, sasa mtu unayeshuka kila kituo bila kujua gari linaelekea wapi lazima upotee. Hivyo naeleza hapa ninavyofanya mimi, chukua kinachokufaa.

Cha kwanza tafuta kalenda ya masomo ya kanisa lako, na hakikisha ni ya mwaka huu. Nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu niliwahi kupangiwa kusoma waraka, nikajiandaa wiki nzima kwa kalenda ya mwaka uliopita, nafika mimbarini nakuta Biblia imefunguliwa sehemu nyingine kabisa. Kuna makanisa yanayorudia masomo yale yale kila mwaka kwa mpango wa zamani na mengine yanafuata mzunguko wa miaka mitatu, kwa hiyo usikopi ya rafiki yako wa kanisa lingine ukadhani mko pamoja. Kwenye kalenda utaona jina la Siku ya Bwana, wazo kuu, zaburi, masomo na rangi. Hiyo rangi usiidharau, nitairudia.

Halafu ujue mwaka unaanza wapi. Mwaka wa kanisa hauanzi Januari, unaanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo ni ya nne kabla ya Krismasi na inaangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Krismasi 25 Desemba, Epifania (sikukuu ya Kristo kudhihirishwa) 6 Januari, hizo hazihami. Pasaka ndo inahama, ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, kwa hiyo inaweza kuwa mapema kama 22 Machi au kuchelewa mpaka 25 Aprili, na ikihama inahama na ukoo wake wote: Jumatano ya Majivu siku 46 nyuma yake (zile 40 za mfungo hazihesabu Jumapili, hapo ndo watu wanapogombana bure), Kupaa Bwana siku ya 40 ya Pasaka, Pentekoste siku ya 50, na Jumapili inayofuata ni ya Utatu. Ukishajua Pasaka iko lini mwaka wote umeshaupata.

Rangi sasa. Zambarau ni Majilio na Kwaresima, ni rangi ya kujiandaa na kutubu. Nyeupe ni Krismasi na Pasaka, furaha. Nyekundu ni Pentekoste na sikukuu ya Matengenezo, ile ya 31 Oktoba tunapokumbuka hoja 95 za mwaka 1517 za Martin Luther, mtawa wa Kijerumani aliyeanzisha matengenezo ya kanisa. Ijumaa Kuu wengine wanaweka nyeusi na wengine wanavua kabisa vitambaa madhabahuni. Kijani ni ukuaji, na inakaa muda mrefu kuliko zote. Kwa hiyo ukiingia kanisani angalia kwanza kitambaa cha madhabahu, hata kama umechelewa wimbo wa kwanza tayari umeshajua mko wapi.

Jumamosi jioni ndo kazi yenyewe inaanzia, na haichukui hata nusu saa. Soma Injili ya kesho mara mbili, ya pili kwa sauti. Soma na wazo kuu halafu jiulize swali moja tu, hili neno linanigusa wapi kwenye wiki niliyoimaliza? Sio linamgusa nani, linanigusa wapi mimi, maana ni rahisi sana kusoma "msihukumu" na kumuona jirani. Uandike mstari mmoja mahali, basi. Usisome tafsiri za wanazuoni usiku huo, utaenda kanisani kumsahihisha mchungaji.

Jumapili ukiwa ibadani usisubiri mahubiri ndo useme neno limeanza. Wazo kuu limeshaanza kutembea tangu zaburi ya mwanzo. Sikiliza sala fupi ya siku kabla ya masomo, ile ambayo wengi tunaitikia amina bila kujua tumeitikia nini, mara nyingi imebeba wazo zima kwa sentensi moja au mbili. Angalia wimbo kabla ya mahubiri, haukuchaguliwa kwa sababu kwaya inaupenda (ok, wakati mwingine ni hivyo). Na toba ya mwanzoni ipeleke kwenye ule mstari wako wa Jumamosi, utaona maungamo yanaacha kuwa maneno ya kukariri, unaungama kitu chenye jina. Ukifika kwenye Chakula cha Bwana unapokea msamaha wa kitu kile kile ulichokitaja, na mwisho unawekewa mbaraka wa Haruni wa Hesabu 6 ukatoke nao. Kwa mpangilio huo ibada inakurudisha kwako Jumatatu, haikuachi kanisani.

Jumatatu mpaka Ijumaa natumia njia ambayo Luther alimwandikia kinyozi wake Peter mwaka 1535, huyo kinyozi alimuuliza namna ya kuomba na Luther akamjibu kwa maandishi. Njia yenyewe ni kuchukua neno na kulisokota nyuzi nne kama shada: neno hili linanifundisha nini, namshukuru Mungu kwa lipi hapa, naungama nini, naomba nini. Luther alifanya hivyo kwa amri kumi na mengineyo, mi nafanya kwa wazo kuu la wiki. Jumatatu fundisho, Jumanne shukrani, Jumatano ungamo, Alhamisi ombi, na Ijumaa naangalia kama kuna kitu cha kufanya kwa mikono, mtu wa kupigiwa simu, deni la kulipa, maneno ya kuomba radhi. Dakika kumi asubuhi zinatosha. Tena Luther alimtania humo humo kwamba kinyozi mzuri macho yake yapo kwenye wembe, akiongea sana na mawazo yakienda kwingine atamkata mtu pua au koo, ndo maana simu iwe mbali dakika hizo kumi. Na akamwambia kama katikati ya kuomba wazo zuri likija usilikimbie ili umalize ratiba, nyamaza ulisikilize. Hiyo sehemu naipenda kuliko zote kwa sababu sisi watu wa ratiba huwa tunamaliza maombi kama tunamaliza kazi.

Misimu mikubwa nadhani inajieleza kwa hiyo sitakaa sana. Majilio ni kungoja, na watu wengi wanairuka moja kwa moja wakaimba Krismasi wiki nne nzima, jizuie kidogo. Ukiwa na watoto tumia shada la mishumaa, hilo linatajwa kuanzia kwa Wichern kule Hamburg mwaka 1839, alikuwa analea watoto wenye shida na walikuwa wanamuuliza kila siku Krismasi bado, akawawekea mishumaa wahesabu. Siku hizi minne inatosha, mmoja kila Jumapili.

Kwaresima nayo watu wanaijua kwa mfungo tu ila Jumapili zake zina majina ya zamani ya Kilatini ambayo ukiyafuata yanakuwa sala yenyewe. Invokavit ni "ataniita" ya Zaburi 91, Reminiscere ni "kumbuka" ya Zaburi 25, Okuli ni "macho", macho yangu humwelekea Bwana daima, Zaburi 25 hiyo hiyo, halafu Laetare ni "furahini" ya Isaya 66, yaani katikati ya mfungo kanisa linakuambia pumua, kisha Judica, "unihukumu" ya Zaburi 43, ndo unaingia Jumapili ya Matawi. Baada ya Pasaka yanageuka, Jubilate shangilieni, Cantate imbeni, Rogate ombeni. Hata kama kanisani kwenu hawayatangazi we yaandike pembeni ya kalenda yako, neno moja kwa wiki, nani atashindwa kukumbuka neno moja?

Sasa kijani. Hapa ndo nataka tukae.

Baada ya Utatu kuna Jumapili kati ya 22 na 27 kutegemea Pasaka iliangukia lini, karibu nusu ya mwaka, na ndo kipindi ambacho ibada zinapungua watu, hakuna sikukuu kubwa, matangazo yanasema "Siku ya Bwana ya 9 baada ya Utatu" na mtu anahisi tumesimama tu sehemu moja. Kumbe maisha ya Mkristo ya kila siku yamejaa humo. Nusu ya kwanza ya mwaka tunaambiwa Kristo amefanya nini, nusu ya pili tunaulizwa haya, na wewe je. Angalia mpango wa zamani wa masomo ulivyopangwa: ya kwanza tajiri na Lazaro mlangoni kwake, ya pili walioalikwa karamuni wakatoa udhuru, ya tatu kondoo aliyepotea, ya nne kibanzi na boriti, ya tano Petro na nyavu baada ya kukesha bila kupata kitu. Ya 13 ni Msamaria mwema, ya 14 wale wakoma kumi, ya 15 msisumbukie maisha yenu. Pesa, udhuru, waliopotea, kuhukumu, kazi, jirani, shukrani, wasiwasi, ni wiki yako hiyo!

Kwa hiyo kwenye kijani mi naongeza kitu kimoja, kila wiki nachagua tendo moja dogo linalotoka kwenye somo na nalimaliza kabla ya Jumamosi. Wiki ya Lazaro nitafute aliye mlangoni kwangu ninayempita kila siku, sio wa mbali. Wiki ya boriti nisimseme mtu siku saba (nimeshindwa kila mwaka, rekodi yangu ni Jumatano). Wiki ya wakoma niwarudie watu walionisaidia nikasahau, maana lile swali la Yesu "wale kenda wa wapi?" (kenda ni tisa) linauma kweli ukijikuta uko kwenye kenda. Usichague matendo matatu, utafanya sifuri. Na usitangaze kwenye magrupu.

Kuna kosa jingine ambalo naliona, mtu anageuza haya yote kuwa mtihani, akikosa siku mbili anaacha kabisa mpaka Majilio yajayo. Ukipotea wiki, ingia wiki inayofuata palepale ilipo, usirudi kulipa madeni. Tendo sio ada ya kuingilia, msamaha umeshapewa Jumapili madhabahuni kabla hujafanya lolote, na Mlutheri akisahau hilo amesahau kila kitu.

Jumapili za mwisho kabla ya Majilio mada inakuwa kifo, hukumu na kukesha, na ile ya mwisho kabisa Injili ni wanawali kumi. Huwa nachukua kalenda yangu iliyochakaa jioni ile, nasoma ile mistari ya Jumamosi zote za mwaka, na majina ya waliolala mwaka huo nayaandika ukurasa wa mwisho. Jumapili inayofuata nafungua mpya.