Bastola fupi, risasi gani? Nilivyochagua zangu

Shemeji yangu wa Columbus alinipigia Jumapili moja usiku, na salamu hazijaisha akauliza: "Kaka, nimenunua Glock 43. Niweke risasi gani?" Nikamuuliza mtutu wake una urefu gani. Kimya. Nikamwambia asome kijitabu kilichokuja na bastola, kisha anipigie tena. Haya ni yale niliyomweleza alipopiga mara ya pili.

Mimi niko Houston, Marekani, mwaka wa kumi na moja. Kwetu Tanga bunduki niliiona begani kwa mlinzi wa benki tu. Hapa nina duka dogo la vyakula, nafunga saa nne usiku, na kiunoni nina SIG P365, bastola ya milimita 9 yenye mtutu wa inchi 3.1. Sijawahi kuichomoa mbele ya mtu, na naomba Mungu iendelee hivyo.

Kwanza makaratasi. Kama uko hapa kwa viza ya masomo au ya matembezi, usiendelee na ununuzi. Sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, inakukataza kumiliki bastola na hata risasi moja. Iko mianya michache, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji, lakini hiyo kamuulize wakili, usimsikilize muuza maandazi kama mimi. Na usimtume rafiki akununulie, mtaingia matatani wote wawili. Mwenye green card, kadi ya ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa, na dukani risasi za bastola wanamuuzia aliyetimiza miaka 21.

Sasa mtutu. Mwendo unaouona umeandikwa kwenye boksi la risasi za milimita 9 kwa kawaida umepimwa kwa mtutu wa inchi 4. Ukipunguza karibu inchi nzima, baruti inakosa nafasi ya kusukuma hadi mwisho. Inayobaki inaunguzwa nje, na wewe unaipata kama moto na kelele. Siku moja jamaa wa uwanja wa shabaha aliniazima kifaa cha kupimia mwendo. Boksi langu la mazoezi liliandikwa futi 1,180 kwa sekunde. Nikapiga kumi, wastani ukatoka 1,085. Karibu futi mia zimepotea, na bei nimelipa ileile.

Kwenye karatasi ya shabaha kupungua huko hakukupi hasara yoyote. Hasara iko kwenye risasi za kujilinda, zile zenye tundu kichwani. Kichwa hicho kikiingia kwenye kitu chenye majimaji, shinikizo linaingia tunduni na kukifungua kama ua. Kikienda polepole mno hakifunguki, au tundu linazibwa na kitambaa cha koti, na risasi inapita moja kwa moja kwenda kwa asiyehusika. Kikifunguka mapema mno, kinaishia juujuu.

Kipimo cha risasi hizo kinachotumiwa na wengi kilitoka FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Tarehe 11 Aprili 1986 maafisa wao walirushiana risasi na majambazi wawili huko Miami, maafisa wawili wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba risasi moja ya milimita 9 ilimpata jambazi mapema kabisa lakini ikaishia kabla ya kufika moyoni, naye akaendelea kupigana. Baada ya hapo wakaweka utaratibu wa kupiga kwenye jeli iliyotengenezwa ifanane na nyama, na wanataka risasi iingie inchi 12 hadi 18, yaani sentimita 30 hadi 46. Wakahamia kaliba (upana wa risasi) kubwa zaidi kwa miaka mingi, kisha katikati ya miaka ya 2010 wakarudi kwenye 9, kwa sababu vichwa vya risasi vimekuwa bora. Kwa hiyo ukikutana na mzee kaunta anakuambia 9 ni ya kitoto, mwitikie kwa adabu, ulipe, uondoke.

Neno "greni" kwenye boksi linawachanganya watu. Shemeji alidhani ni kiasi cha baruti. Ni uzito wa kichwa cha risasi, kipimo cha kale cha punje ya nafaka. Greni 124 ni kama gramu 8. Kwa milimita 9 utakutana na 115, 124 na 147. Ile 115 hutegemea mwendo zaidi, na mwendo ndio tulioupoteza. Ile 147 imeundwa tangu mwanzo kwenda polepole na kufunguka kwa mwendo mdogo, kwa hiyo mtutu mfupi hauiumizi sana. Mimi nimekaa katikati, 124.

Kuna zilizotengenezwa mahsusi kwa mitutu mifupi. Kampuni ya Speer ina Gold Dot Short Barrel, yenye kichwa kinachokubali kufunguka kwa mwendo mdogo. Hornady Critical Defense imezibwa tundu lake kwa plastiki laini nyekundu ili nguo isiingie. Federal HST haikuandikwa "fupi", lakini ina sifa nzuri hata kwenye mitutu hii. Yoyote kati ya hizo tatu ukichukua, mimi sina ugomvi nawe. Ninachokataa ni boksi lenye fuvu la kichwa na maneno ya kutisha bila jaribio lolote la jeli.

Alama ya +P maana yake msukumo mkubwa zaidi: kwa milimita 9 kiwango cha kawaida ni psi (paundi kwa inchi ya mraba) 35,000, na +P inafika 38,500. Angalia kwanza kama kijitabu cha bastola yako kinaruhusu. Hata kikiruhusu, kwenye bastola inayoenea kiganjani, +P inakupiga teke la punda, na risasi ya pili inachelewa kurudi kwenye shabaha. Nilijaribu, nikaona mwanga wake gizani, nikarudi kwenye HST 124 ya kawaida.

Lakini jina kwenye boksi ni nusu ya kazi. Chaguo langu la kwanza kabisa lilisifiwa kila mahali. Magazini (kasha linalobeba risasi) ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili, risasi ya tatu ikakwama: kichwa chake butu kiligonga ukingo wa chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, sehemu ya juu ya bastola ikabaki nusu wazi, nami nimesimama natazama shaba inang'aa mbele ya macho yangu. Nikaitoa, nikaendelea, ikakwama tena. Risasi ile si mbaya. Bastola yangu tu haikuipenda. Kwa hiyo kabla ya kuzibeba, piga angalau 50 za aina hiyohiyo, kwa kila magazini uliyonayo, mkono mmoja, mkono wa kushoto, na siku umechoka. Ndiyo, inauma: boksi la 20 nililipa dola 28 wakati 50 za mazoezi zilikuwa dola 16. Nililia kidogo moyoni. Angalia pia zinapiga wapi kwa umbali wa mita 7 hivi, kisha tafuta za mazoezi zenye greni ileile ili mkono uzoee teke moja.

Mke wangu alijaribu bastola ndogo ya .380 akaikataa kwa teke lake, maana ilikuwa nyepesi mno. Ukiwa nayo, kumbuka kaliba hiyo haina akiba ya nguvu: nyingi kati ya zile zenye tundu zikifunguka zinaishia juujuu, ndiyo maana wapo wanaochagua za kichwa kigumu. Wenye revolva (bastola ya silinda inayozunguka) fupi ya .38 wana bahati ya ile ya kichwa bapa ya greni 148, laini mkononi na inaingia vya kutosha.

Jambo moja hulisikii kaunta. Kila usiku nilikuwa natoa risasi ya chembani, asubuhi naiingiza tena ileile. Baada ya wiki kadhaa niliisimamisha mezani kando ya mpya. Ilikuwa fupi! Kichwa kilikuwa kimesukumwa ndani ya ganda, na ganda likibanwa hivyo msukumo unapanda vibaya. Siku hizi inayotolewa hairudi chembani. Naiweka pembeni, zikijaa mkono nazipiga uwanjani. Nyumbani bastola inalala kwenye sanduku la chuma la kufuli, kwa sababu nina mtoto wa miaka minne anayefungua hata mtungi wa asali. Na kuta za nyumba za huku ni ubao wa jasi: risasi yoyote, yenye tundu au isiyo nalo, inaweza kupita hadi kwa jirani.

Mkoba ninaoendea shabaha hausafiri. Mwaka juzi nilikuwa napanga mizigo ya Dar es Salaam, nikachukua begi lile la mgongoni kwa kuwa lina mifuko mingi. Mke wangu akalikung'uta juu ya kitanda, ikadondoka risasi moja ya milimita 9 kwenye shuka. Ndege ilikuwa kesho yake saa tatu asubuhi. Hakusema neno. Alienda dukani akaninunulia begi jingine, jekundu, la shabaha tu.