Roma bila msongamano: nenda Ostia Antica

Ukiwa Roma na foleni ya Colosseum imekukatisha tamaa, panda treni ya Metromare kituo cha Porta San Paolo, jirani na metro ya Piramide, ushuke Ostia Antica. Tiketi ya kawaida ya jiji inatosha. Safari ni kama nusu saa. Ostia Antica ni magofu ya mji mzima wa bandari ya kale, mpana kiasi kwamba hata watu wakijaa hutawanyika. Usikose uwanja wa wafanyabiashara nyuma ya jukwaa la maigizo: sakafuni kuna mozaiki (picha ya vijiwe vilivyopangwa) ya tembo, alama ya wafanyabiashara wa Sabratha, mji wa kale ulioko Libya ya leo. Nilisimama pale muda mrefu. Jumatatu hufungwa, na mchana wa Julai kivuli ni haba mno.