Dipoziti uliyompa rumeti: vile utaipata ukihama

Dipoziti yangu ya kwanza hapa Nakuru nilimpa jamaa niliyekuwa nakaa naye mtaa wa Shabab, nyumba ya vyumba viwili, yeye ndiye alikuwa kwa karatasi za landilodi na mimi niliingia tu tusaidiane kodi. Elfu sita. Siku ya kuhama nikaenda kwa keateka kuulizia pesa yangu, akaniangalia juu mpaka chini akaniuliza, "Na wewe ni nani kwani?" Sikuwa na jibu. Kwa kitabu chake hiyo nyumba ilikuwa na mtu mmoja, na si mimi.

Kwa hivyo kitu cha kwanza kujua, kabla hata ya kuuliza maji huja siku gani, ni pesa yako itakaa kwa mkono wa nani. Ukimpa rumeti, basi landilodi wako ni rumeti, yule mwenye ploti hana deni lako hata kidogo. Ukichukua nafasi ya mtu anayetoka na umrudishie yeye dipoziti yake, hapo chunga sana, maana landilodi bado anashikilia pesa kwa jina la aliyetoka, na ukihama atasema atamrudishia huyo. Hapo usitume shilingi mpaka keateka abadilishe jina kwa risiti ukiona na macho yako.

Mwambie rumeti akuonyeshe mkataba ama risiti ya mwezi uliopita. Soma jina, halafu tafuta ile laini inasema mpangaji asiingize mtu mwingine bila ruhusa ya mwenye nyumba, mikataba mingi huwa nayo na watu husaini bila kusoma. Ikiwa iko, landilodi aulizwe na ajibu kwa meseji, kwa sababu rumeti akitolewa na wewe pia unatoka na godoro lako.

Kulipa: usipeane keshi. Na usitume kodi na dipoziti kwa mpigo mmoja, ukituma 12,000 mara moja kesho atakwambia hiyo ilikuwa kodi ya miezi miwili, na meseji ya M-Pesa haisemi ulikuwa unalipia nini. Tuma mara mbili, hata ukikatwa mara mbili, na hapo hapo mwandikie WhatsApp: "Hizo 6,000 ni dipoziti ya chumba changu, utanirudishia siku nikihama kama sijaharibu kitu, notisi ni mwezi mmoja." Ngoja aandike sawa. Simu ikipotea, rekodi ya M-Pesa bado unaweza kuitoa kwa *334#, lakini hiyo "sawa" yake huwezi, kwa hivyo piga skrinishoti ujitumie kwa imeili. Mkiweza kuandika ukurasa mmoja na msaini wote na namba za vitambulisho, vizuri zaidi, na mseme pia nani ananunua tokeni za stima.

Siku ya kuingia piga video chumba chote kabla hujashusha mzigo. Mimi kulikuwa na alama ya pasi kwa zulia la plastiki nyuma ya mlango, umbo la pasi kabisa na ncha yake, nyeusi, nikaiona siku ya kwanza nikaweka kikapu cha nguo juu yake nikasahau. Miezi minane baadaye ikawa yangu, na ikakatwa 1,500. Piga picha kitasa, sinki, vioo, mashimo ya misumari, umtumie siku hiyo hiyo ndio tarehe ibaki.

Ukitaka kuhama, andika notisi, usiseme tu mkiwa jikoni. Kuna wenye hukaa mwezi wa mwisho bila kulipa ndio dipoziti iishie hapo. Kwa landilodi hiyo ni vita, lakini kwa rumeti mimi naona ndio njia salama kushinda zote, bora akubali kwa maandishi na awe na pesa ya kumalizia kodi ya nyumba. Asipokubali, mpitie chumba pamoja ukiwa bado na funguo.

Na akianza "nitakutumia Ijumaa"? Mpe siku 14 kwa meseji, taja kiasi na tarehe. Usibebe tivi yake, utageuka wewe mwizi. Polisi mara nyingi watakwambia hilo ni deni, si kesi yao. Jaribu chifu, kuitwa tu kwa ofisi kunatosha wengi. Ikikataa, enda Mahakama ya Madai Madogo, Nakuru iko na Kisumu iko, wanasikiza madai ya pesa mpaka milioni 1, huhitaji wakili na sheria inataka iamuliwe ndani ya siku 60. Wengine watakutuma kwa lile baraza la kodi za nyumba, lakini hilo ni la nyumba za kodi isiyozidi 2,500.

Mimi sikufika huko. Nilimwandikia tu kwamba Jumatatu naenda kuchukua fomu, akaanza kutuma kidogo kidogo, 2,000, halafu 1,800, na ya mwisho 700 saa tano usiku bila hata salamu. Ile 1,500 ya pasi mpaka leo iko naye.